Mfungo Uliopita Pasaka

Usigeuze uso. Uliugeuza kila saa nne uji ulipogawiwa, Priska akamsogezea Brenda, jirani yake wa dawati, kikombe chake. Mlimwona, nyote darasani. Mimi sijasahau.

Ilikuwa Kwaresima, huko Kibosho, Kilimanjaro. Priska, msichana wa miaka kumi na mitatu, alikata majani ya ng'ombe asubuhi, akaenda shule bila kula. "Nimefunga, mama." Jumuiya nzima ya kanisa ikamsifu. Hakuna aliyeuliza. Mngeuliza, mngejua kwamba alianza siku ile Brenda aliposema, "Kibonge, utavunja dawati!" nanyi mkacheka.

Pasaka ikafika, mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, ukapikwa. Priska akaukoroga mpaka ukapoa.

"Bado unafunga? Bwana amefufuka, mwanangu!" mama yake akatania.

Mwezi wa tano alivaa masweta mawili juani, meno yakigongana. Hedhi yake, iliyoanza mwaka uliopita, ilikuwa imekatika. Hapo mama akaacha kutania.

"Nani amekupa mimba?"

"Sina mimba, mama."

"Usinifanye mjinga! Huu ni mwezi wa tatu sioni kitambaa chako cha hedhi kambani!"

Siku tatu alimfokea. Siku ya nne Priska alianguka zizini na mzigo wa majani. Mama akambeba mgongoni, akashtuka: alikuwa mwepesi kama mtoto wa darasa la pili.

Hospitalini, Daktari Gladys alimpima. "Hana mimba, mama. Ana njaa. Moyo unapiga polepole mno, mngechelewa, mngempoteza."

"Sasa hedhi imekwenda wapi?"

"Mwili ukikosa chakula, ubongo hupunguza homoni ili nguvu iliyobaki iuendeshe moyo. Hedhi husimama. Kimo husimama. Mifupa hudhoofika kama ya kikongwe. Ugonjwa huu unaitwa anoreksia. Si utakatifu, wala si ukaidi."

"Basi nikampikie machalari ya ndizi na nyama, sufuria nzima!"

"Hapana! Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukishibishwa ghafla, unaweza kufa. Atalishwa hapa kidogo kidogo, na atazungumza na mshauri."

Priska akanong'ona, "Nikila, wataniita tena Kibonge."

Mama akainama kitandani, akalia. "Nilihesabu vitambaa, mwanangu. Sikuhesabu vijiko."

Alilazwa wiki saba. Mara mbili alichomoa puani mpira wa kulishia, mara mbili mama akamshika mkono, mpira ukarudishwa. Mwezi wa kumi na moja hedhi ilirudi. Mifupa bado inapimwa.

Siku ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, daktari alimwambia mama, "Mtoto anayekataa chakula asisifiwe, asishutumiwe. Aletwe hospitali mapema."

Sasa wewe unayesoma. Darasani kwako yupo mwingine, na jina lake unalijua. Funga kitabu hiki. Nenda kwa mwalimu, nenda kwa mama yake, ukaseme ulichokiona. Leo, kabla kengele haijalia. Inuka!