Nitazifuta kwa Mkono Wangu

"Jirani, uko wapi?"

"Njiani."

"Mgonjwa ameanza kutoka damu."

Jirani aligeuza usukani hapohapo. Land Cruiser iliteleza kwenye lami yenye maji, ikapanda ukingo wa barabara, ikakaa sawa. Katika idara yao ya kulinda mashahidi, mgonjwa alikuwa shahidi aliyefichwa, na damu ilikuwa siri inayovuja. Aliyekuwa kwenye simu aliitwa Shangazi. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote, na wote waliowahi kumtania kwa hilo sasa wanafanya kazi stoo.

"Mgonjwa yupi?"

"Mhasibu."

Akakanyaga mafuta.

Mhasibu aliwatunzia mahesabu wauza silaha wa magendo kwa miaka mingi, mpaka dhamiri ikamshinda. Jumatatu angesimama mahakamani na kuwataja mmoja mmoja. Jirani mwenyewe ndiye aliyempa jina jipya, mji mpya na nyumba ndogo yenye geti la buluu. Genge lilikuwa na watu kila mji. Likiipata anwani, kazi iliyobaki ni kupiga simu tu.

Shangazi alieleza haraka. Asubuhi walimkamata mtu wa genge, na kwenye simu yake wakakuta ukurasa wa tovuti ndogo ya wapenzi wa cherehani za zamani. Wanachama huandika aina ya mashine na namba iliyogongwa kwenye chuma, na mzee mwenye tovuti huwatumia vipuri kwa posta. Mhasibu alijiandikisha humo zamani, kwa jina lake la kweli, na Singer ya marehemu mama yake. Alipokimbia, alikimbia na Singer hiyo tu. Sasa genge lilitaka kujua ni nani mwingine aliyejiandikisha kwa namba ileile, na vipuri vyake vinatumwa wapi.

"Hawezi kuwa mjinga kiasi hicho," Jirani alisema.

"Hujawahi kukaa na watu wa cherehani wewe. Jina watabadilisha, hata dini. Namba ya mashine hawaidanganyi. Nenda nyumbani kwa mwenye tovuti. Timu ya kumhamisha Mhasibu inahitaji muda, na muda huo nautaka kutoka kwako."

Simu ikakatika.

Kwenye taa nyekundu Jirani alifungua tovuti ile. Ilikuwa na rangi za kizamani na picha za mashine zilizong'arishwa. Chini kabisa palikuwa na ukurasa ulioitwa Tunavyotunza Taarifa Zako. Aliusoma huku wipa zikilalamika.

*Tovuti hii ni ya mtu mmoja. Jina na anwani yako vinakaa kwenye kompyuta iliyo chumbani kwangu. Sitaviuza, sitampa mtu. Ukitaka vifutwe, niandikie. Nitavifuta siku hiyohiyo kwa mkono wangu.*

Akampigia Mhasibu.

Mhasibu alikiri kwa sauti ya mtoto aliyevunja kikombe. Ndiyo, alijiandikisha upya. Mkanda wa mashine ulikatika, na dukani hakuna mkanda kama ule. Baadaye usingizi ulimkataa, akamwandikia mzee akimwomba afute kila kitu.

"Akasemaje?"

"Alinijibu palepale. Alisema amepokea, atafuta leo kwa mkono wake. Kaka, niko salama, sivyo?"

"Watu wetu wako njiani kukuhamisha," Jirani alisema, akakata simu.

Kulikuwa na mwalimu mmoja, zamani. Shahidi wake wa kwanza. Naye aliuliza hivyohivyo, na Jirani akamwambia, uko salama, lala. Walimkuta kitandani, taa ikiwaka, daftari za wanafunzi zikiwa hazijasahihishwa. Tangu siku hiyo Jirani hakuwahi kuyatamka maneno hayo mawili kwa mtu, na bado sauti ya mwalimu ilimjia kila alipofunga mlango wa gari. Ilimjia na sasa, alipoufunga mbele ya nyumba ya mwenye tovuti.

Pick-up nyeupe ilikuwa imeegeshwa uani. Ubavuni iliandikwa huduma za intaneti. Rangi ya maandishi ilikuwa haijakauka vizuri, na mvua ilikuwa imeanza kuichuruza.

Aligonga. Mama mmoja wa makamo alifungua, kanga nyeusi mabegani, macho yamechoka.

"Shikamoo mama. Nimekuja kwa mzee. Natafuta bobini ya Singer."

"Marahaba, baba." Alimtazama kwa muda. "Mzee tulimzika mvua zilizopita."

Maji yalimtiririka Jirani shingoni na hakuyasikia. Mhasibu alikuwa amejibiwa juzijuzi tu.

"Lakini anajibu barua, mama."

"Mashine yake, ile kompyuta, ndiyo inayojibu. Aliifundisha maneno yake kabla hajaugua, ili watu wasingoje. Mimi sikuizima. Inanguruma upande wake wa kitanda, nami bila ule mngurumo silali." Kisha akashusha sauti. "Wako wawili chumbani. Wanasema ni mafundi. Wananiuliza neno la siri nami nimewaambia silijui. Sasa wanaing'oa."

"Kaa jikoni, mama. Ulale chini."

Mlango wa chumba ulikuwa wazi nusu. Jirani aliona mgongo mpana wa mtu aliyepiga magoti na bisibisi. Wa pili, mwembamba, alisimama dirishani na bastola ya Glock yenye kizuia sauti. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Swichi kuu ya umeme ilikuwa ukutani, karibu na bega la Jirani.

Akaishusha.

Giza.

Na ndani ya giza, mashine ya marehemu ikaendelea kunguruma.

Mzee alikuwa ameiwekea betri. Mngurumo ulijaza chumba, taratibu, sawasawa, kutoka ule upande wa kitanda ambako hakuna mtu aliyelala tangu mazishi. Yule mwembamba aligutuka. Akageuza bastola kuelekea kwenye sauti.

"Nani huyo?"

Jirani alikuja kutoka upande mwingine. Kiwiko kooni, goti kwenye kifundo cha mkono, na Glock ikaangukia zuliani. Mpana alirusha bisibisi ikamchana Jirani begani, akamrukia na uzito wake wote. Wakaanguka wote wawili juu ya kitanda cha mjane, kwa namna isiyo na heshima hata kidogo. Jirani alitoa Taser, kifaa cha kupiga shoti, mfukoni na kuibana kwenye mbavu. Mpana akatetemeka, akalegea, akaanza kukoroma.

Pingu mbili.

Jirani aliwasha umeme, akampigia Shangazi.

"Damu imesimama. Hawakupata kitu."

"Vizuri. Niletee mashine."

"Mhasibu aliomba afutwe. Tukimfuta hapa inatosha."

"Mna watu wangapi humo? Majina, anwani, mambo yao. Huwezi kujua siku gani tutawahitaji. Ni amri, Jirani. Lete mashine."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Sauti ya Shangazi haijawahi kuhitaji spika.

"Kwa hiyo na wewe umeifuata hiyohiyo," mama alisema, bila hasira, na hilo lilimuuma Jirani zaidi. "Tofauti yako na hawa waliolala ni nini, baba? Kwamba wewe ulinipa shikamoo?"

Jirani alitazama kioo cha kompyuta. Ombi la Mhasibu lilikuwa humo, na huenda na mengine, yamelala bila kusomwa chini ya ahadi ya mtu aliyekwisha kufa. Alimwambia mama ukweli wote. Kwamba walioomba waliamini wamefutwa. Kwamba mmoja wao anaweza kuuawa kwa sababu marehemu aliahidi jambo ambalo hakuwepo kulitimiza.

Mama alikaa kitandani, upande wake. Alilia kidogo, akafuta uso kwa pindo la kanga.

"Mume wangu hakuwa mwongo."

"Najua, mama."

"Basi asifanywe mwongo akiwa kaburini. Sogea."

Neno la siri lilikuwa namba ya cherehani ya mama mwenyewe, ile aliyoipeleka alipokuwa msichana kwa fundi kijana aliyekuja kuwa mumewe, ikarudi na barua ya mapenzi ndani ya droo. Aliiandika kwa kidole kimoja. Alikuwa amemtazama mumewe akifuta watu jioni nyingi, akimshikia chai. Akaanza na walioomba. Kisha akawafuta na wengine wote, majina, anwani, namba za mashine. Kwa kila aliyekuwa ameomba akaandika jibu fupi. Simu ya Jirani iliita mfululizo mfukoni. Hakuigusa.

Mwisho mama aliweka kiganja juu ya mashine, pale ilipokuwa na joto.

"Haya, baba watoto," alisema. "Umemaliza. Pumzika."

Akabonyeza.

Mngurumo ulishuka polepole, ukawa pumzi, ukaisha. Chumba kilikuwa kitupu kwa namna ambayo hakikuwa kitupu kabla. Mama alibaki ameshika chuma kinachopoa, na Jirani akakaa naye mpaka gari la idara lilipofika kuchukua wale mafundi.

Alipotoka nje ndipo alipopokea simu ya Shangazi.

"Mashine iko wapi?"

"Imekufa, Shangazi."

"Tutaongea ofisini," Shangazi alisema.

"Stoo panavuja mvua hii?" Jirani aliuliza, akakata.

Alifungua mlango wa Land Cruiser, begani damu imeganda. Simu ikalia tena. Mhasibu, kutoka ndani ya gari la timu, na Singer yake miguuni.

"Kaka, mzee ameniandikia tena. Anasema, 'Nimekufuta kwa mkono wangu. Nisamehe kwa kuchelewa.' Kumbe bado! Lakini muungwana sana, ameomba radhi. Nikitoka mahakamani nitakwenda kumshukuru."

Jirani alitazama dirisha la chumba. Pazia lilikuwa limefunguliwa, na mama alikuwa akitandika upya kitanda, pande zote mbili.

"Ni muungwana," alisema.

"Kwa hiyo?"

Alifunga mlango wa gari. Akangoja sauti ya mwalimu. Haikuja, au ilikuja kwa chini kiasi kwamba mvua iliifunika.

"Uko salama," Jirani alisema. "Lala."

Akawasha gari, akaondoka taratibu.