Risiti ya Kifungo Kimoja

Kila akitoka shule, Sindano alifagia vipande vya nguo na karatasi chini ya vyerehani viwili vya mama yake, kisha akatumwa uzi dukani kwa Bwana Mita. Jina la Sindano alipewa kwa wembamba wake, na kwa ulimi wake. Bwana Mita naye aliitwa hivyo kwa sababu mita yake, watu walisema, ilikuwa na sentimita tisini.

Siku moja mama alinunua kwake kitambaa cha sare kumi. Alipokikata, kikatosha tisa. Akarudi kulalamika kwa upole, lakini Bwana Mita akacheka mbele ya wateja, akasema fundi asiyejua kukata husingizia kitambaa. Kisha akanyoosha kiganja. "Risiti iko wapi, mama? Huna risiti, huna neno."

Mama akanunua kitambaa cha sare ya kumi kwa pesa zake, akanyamaza. Sindano hakunyamaza moyoni. Aliapa kumlisha mtu yule maneno yake mwenyewe, punje kwa punje.

Kesho yake akanunua kifungo kimoja, akaomba risiti. Akanunua cha pili, akaomba nyingine. Shati lina vifungo saba, hesabu mwenyewe. Zipu, risiti. Uzi, risiti. Kitambaa, risiti. Miezi ikapita hivyo. Foleni ikafika barabarani, vitabu vya risiti vikaisha, na wasemao husema vidole vya Bwana Mita vilivimba hata ikabidi mkewe amshikie kijiko.

"Binti, hata kifungo kimoja?" alinung'unika.

"Huna risiti, huna neno, baba," Sindano akajibu kwa adabu zote.

Risiti alizijaza kwenye kopo la biskuti, kama nyara za vita.

Mwaka ulipoisha, ikaja barua kutoka ofisi ya kodi. Kwa kuwa mama hakuwahi kupeleka hesabu zake, walikuwa wamemkadiria kodi wenyewe. Mama aliposoma kiasi chenyewe, akatafuta kiti. Kisha akakitazama cherehani cha pili kwa muda mrefu. Hakuwa na kitu kingine cha kuuza.

Sindano akabeba kopo, wakaenda ofisini. Afisa, mama mmoja wa miwani, akawaeleza kwamba kodi ile haitozwi kwa kila senti inayoingia, bali kwa faida. Gharama za kazi hutolewa kwanza, mradi ziwe na ushahidi. Akafungua kopo, akaanza kusoma. Mabega yake yakatikisika kwa kicheko.

"Kifungo kimoja. Kifungo kimoja. Kifungo kimoja. Nani ana ugomvi na mwenye duka hili?"

Sindano akamsogezea risiti nyingine.

Hesabu ilipojumlishwa, kodi ilishuka karibu nusu. Cherehani kilipona. Afisa akaongeza kwamba nakala za risiti zile ziko dukani, na mwenye duka atayaonyesha mauzo hayo kwenye hesabu zake za kodi apende asipende. Sindano akauma mdomo asicheke.

"Na risiti za umeme?" afisa akauliza. "Za mafuta ya mashine? Za pango la chumba?"

Cheko likamkauka. Hizo alizifagia mwenyewe, jioni baada ya jioni. Bila hizo, nusu iliyobaki ilibidi ilipwe yote.

Nje, mama akamshika bega. "Kisasi kina jicho moja, mwanangu. Kilimwona Bwana Mita tu, mengine kikayafagia. Tunza risiti ya rafiki kama ya adui, na kila siku tuandike kilichoingia na kilichotoka. Hapo hatutakadiriwa tena."

Njiani wakapitia dukani. Bwana Mita alipomwona Sindano mlangoni, akachukua kalamu kabla hajaulizwa.

"Mita tano," mama akasema. "Na risiti."

Bwana Mita akapima polepole, akawatazama wote wawili, kisha akaongeza shubiri moja.