Jiwe la Wapagazi kwenye Fuso la Lugembe

Wallahi, na Bikira Maria naye ashuhudie, nikiongeza hata chumvi ya kuonjea mchuzi, ulimi wangu ukauke kama jani la tumbaku! Tabora nzima hakuna anayekijua kisa hiki kama mimi.

Fuso lilikuwa tupu, lakini springi zimelala kama limebeba mlima.

Anselm Lugembe alilizunguka, akachungulia bodi. Hamna kitu, ila jiwe la kuzuilia tairi, kubwa kuliko kichwa cha ng'ombe. Aliliokota jana yake Goweko. Gari lilizima kilimani, likaanza kurudi nyuma; mkewe Marcelina akakanyaga breki kwa miguu miwili, Anselm akaruka chini, akanyakua jiwe la kwanza aliloliona. Lilitoka kwenye rundo la njia ya zamani, pale wapagazi wa pembe za ndovu walipoweka jiwe kila mwenzao alipofia mzigoni. Alilijua rundo lile. Lakini gari likikuponyoka, huchagui jiwe.

Na gari lenyewe ndilo shamba lake, ndilo ng'ombe wake. Hakuwa dereva wa mtu, na alikuwa akiwatangazia hilo hata wasiouliza. Sasa msimu wa tumbaku unaishia, na Fuso halipandi hata tuta.

"Baba Amon," Marcelina alinong'ona wakiwa njiani, jua la utosi, "nani anatembea huko nyuma?"

"Turubai hilo."

"Turubai lina njuga?"

Anselm akapandisha kioo. Harufu ya jasho la watu wengi na ya pembe mbichi ilikuwa imeshaingia kwenye kabini. Akalitupa jiwe porini. Walipofika Tabora, lilikuwa ndani ya bodi.

Wakaenda mtaa wa Ng'ambo kwa Bi Sikuzani, mganga anayeogopwa hata na mbwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ishia hapo mlangoni! Umekuja na watu wengi, nyumba yangu ndogo." Akamtazama begani. "Lirudishe kwa bega lako, kwa miguu, toka barabarani hadi kwenye rundo. Watakuuliza mzigo wa nani. Sema ni wao. Ukisema ni wako, watakuachia uubebe."

Kesho yake mchana Marcelina alibaki kwenye usukani, Anselm akajitwika jiwe akaingia porini, na kila alipopiga hatua alisikia nyuma yake hatua nyingine, kisha kumi, kisha jeshi zima, njuga zinalia, pumzi za moto zinampiga shingoni, nyasi zinalala zenyewe kulia na kushoto, na jiwe linazidi uzito mpaka macho yakataka kumtoka kama ya chura aliyekanyagwa.

"Mzigo wa nani huo?"

"Wenu," akasema.

"Muongo! Wa tajiri wake," mwingine akacheka sikioni mwake. "Dereva wa kuajiriwa huyu!"

"Hata hilo gari kaazima!"

"Mtwana wa usukani, ee! Tajiri anakuita!"

Jeshi zima likacheka. Anselm angevumilia kofi, angevumilia mkuki. Hilo hakuliweza.

"Sina tajiri mimi! Gari langu! Mzigo wangu!"

Vicheko vikakatika. Hata nyenze walinyamaza.

Akalitua jiwe kwenye rundo. Kule barabarani Fuso likanyanyuka kwenye springi zake kama ng'ombe anayeamka. Marcelina akapiga vigelegele. Anselm akaja mbio anacheka, akaweka mguu kwenye ngazi.

Fuso likazama hadi bodi ikagusa tairi.

Akashuka, likainuka. Marcelina akatazama alikopita mumewe: ardhi kavu ya kiangazi, nyayo zimezama hadi kifundo.

"Baba Amon, umesema nini kule?"

"Washa gari," alisema polepole. "Tumbaku inasubiri."

Mpaka leo Marcelina ndiye anayeendesha, na biashara inakwenda. Anselm anafuata nyuma kwa miguu, Goweko hadi Tabora, bega moja limeshuka, kisigino kinatoboa lami.

Haya nimekwambia wewe tu. Nakuomba, yasitoke hapa. Wale hawapendi kusimuliwa, na wataanza kumtafuta aliyesema.