Dakika Arobaini na Saba

"Hodi humu! Fundi yupo?"

"Fundi kaenda mbio zake. Karibu, Anjelina."

"Mbio tena? Huyu mumeo ataimaliza barabara, mwenzangu, sisi tubaki tunapita porini. Na gauni langu je?"

"Kitambaa hiki hapa. Hakijaguswa."

"Ah! Jumapili nataka kuingia nalo kanisani, Bibiana! Kata mwenyewe basi, si anakufundisha? Vipimo vyangu vimo kwenye daftari lake tangu mwaka jana."

"Mwaka jana ulikuwa mwembamba."

"Na mwaka huu nimekuwa nini, sema!"

Wakacheka. Jamani, Bibiana alikuwa hajacheka siku nyingi. Akalivuta daftari kutoka chini ya cherehani, akaketi nalo barazani, akaanza kufunua.

Pale Newala kila mtu alimjua Yeremia fundi. Mchana kutwa alikuwa anakanyaga cherehani, na alfajiri anakanyaga barabara, peku, na kaptura aliyoishona mwenyewe. Watu walimcheka mpaka wakachoka. Sasa wamenyamaza, maana Jumamosi ile kulikuwa na michezo ya sikukuu ya kuzaliwa Malkia wa Waingereza, na katika michezo hiyo mbio za maili ishirini na sita, kutoka Nanganga hadi Masasi. Atakayeshinda atapelekwa Dar es Salaam kushindana na wa majimbo mengine. Zilibaki siku nne.

Daftari lilikuwa la kazi mbili. Ukurasa wa kulia vipimo vya watu, wa kushoto mbio. Bibiana alikuwa hajawahi kuyasoma ya kushoto. Siku hiyo macho yakamponyoka.

"Agosti 10. Maili 8. Mguu wa kushoto unauma. B. kanikanda kwa maji ya moto."

"Septemba 21. Maili 15. Mbili za mwisho nimetembea. Nimetapika. Aibu."

"Oktoba 5. Maili 18 bila kusimama! B. kachinja kuku."

Akatabasamu. Alimpenda mwanamume yule, tusimsingizie. Akafunua tena.

"Jumatano, Novemba 6. Njia ya maji, kutoka kisimani hadi juu. Dakika 47. Sijawahi! B. kakaa njiani. Sikusimama."

"Umevipata?" Anjelina aliuliza. "Mbona umekuwa hivyo? Bibiana?"

"Anjelina. Siku ile mliponikuta njiani, nilisema nini?"

"Siku ipi tena?"

"Unaijua."

Anjelina akatazama chini. "Tuyaache hayo, ndugu yangu. Yameshapita."

"Nilisema nini?"

"Ulisema Yeremia kapita. Umemwita, kapita. Tukajua ni maumivu yanakusemesha. Mwanamume afuate nini njia ya maji?"

"Soma hapa."

"Mimi kusoma nimejulia wapi? Nisomee."

Bibiana akamsomea, neno kwa neno, mpaka lile la mwisho. Anjelina akakaa chini sakafuni, wala hakukumbuka kutandika kanga.

Siku hiyo ya Novemba kiangazi kilikuwa kimekausha visima vya juu, na wanawake wanateremka bondeni jogoo wa kwanza, wanarudi na debe kichwani jua limeshakuwa kali. Njia ile ni ya wanawake, mwanamume haonekani kule. Bibiana alikuwa na mimba ya miezi saba. Alipofika katikati ya mpando tumbo likamkata, akatua debe, akakaa. Wenzake walikuwa wametangulia, wameshafika juu. Akasikia vishindo vya miguu vinakuja kutoka chini, akainua uso, akamwona mumewe. Akamwita. Mumewe akapita.

Wenzake waliporudi kumtafuta wakamkuta palepale, wakambeba nyumbani. Mtoto alizaliwa jioni, hakulia. Angekuwa Petro, jina la mjomba wake Bibiana. Yeremia alishaanza kumwita mkewe Mama Petro kabla ya wakati, kwa furaha tu. Baada ya maziko akarudi kumwita Bibiana.

Na kila Bibiana aliposema "Nilimwona", watu walitazamana. Mama yake mzazi alimpeleka kanisani akaombewe kichwa. Wanawake wa Newala wakawa wanasema yule bado anaona vitu. Mwishowe naye akaanza kujiogopa. Usiku mmoja wa Desemba alimpigia mumewe magoti: "Nisamehe, Yeremia, nilikusingizia jambo baya." Naye akamsamehe. Akamsamehe, msomaji wangu!

Yeremia alirudi jua likiwa limepanda, jasho linamchuruzika, uso umejaa furaha. Anjelina alishaondoka.

"Bibiana! Maili kumi na mbili, na miguu inataka tena! Jumamosi watanijua mimi ni nani. Maji, mke wangu."

Akampa kata ya maji. Akangoja anywe.

"Yeremia, siku ile ya mtoto ulikimbia barabara gani?"

"Tulishaongea hayo."

"Nikumbushe."

"Ya Kitangari. Nimekwambia mara ngapi? Ukaniomba radhi, nikakusamehe. Kwa nini unajitonesha kidonda mwenyewe?"

"Dakika arobaini na saba," Bibiana akasema.

Kata ikamwanguka mkononi. Yeremia akatazama chini ya cherehani, akaona daftari halipo.

"Nilidhani unapumzika," akasema. "Wanawake wote hupumzika pale."

"Nilikuita."

"Uliniita."

"Kwa jina lako."

"Mara mbili," akasema kwa sauti ya chini.

"Mara tatu, Yeremia."

Akakaa kwenye kiti cha cherehani. "Saa ya mwalimu Edmund ilikuwa mkononi mwangu. Aliniazima kwa siku moja tu. Nikisimama, muda unaharibika. Nikasema nikifika juu nitarudi kukutazama. Nilipofika juu nikaona dakika zile, nikafurahi, nikaandika, nikapeleka saa ya watu. Naapa, Bibiana, nilisahau."

"Ulinisahau."

"Nimefika nyumbani wanawake wamejaa uani. Mama yako akaniuliza, wewe ulikuwa wapi? Neno la kwanza lililonijia ni Kitangari. Baada ya hapo nikashindwa kulirudisha."

"Miezi saba unashindwa?"

"Nilikuwa naogopa kukupoteza."

"Ukaona heri nipoteze akili." Bibiana akalitoa daftari, akaufunua ukurasa ule. "Nijibu moja tu. Huu ukurasa mbona hukuuchana?"

Yeremia akaupapasa ukurasa kwa kidole. Nje kuku waliparuaparua, mtu akapita akamsalimia fundi, hakuitika.

"Ndio muda wangu mzuri kuliko yote," akasema.

Bibiana hakupiga kelele. Aliingia ndani, akafunga nguo zake kwenye kanga, akashika njia ya Mkunya, kwa mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona na mzigo?"

Mama Josephina alikuwa anamenya mihogo. Bibiana akamweleza yote. Kisu kikaanguka.

"Nnungu, Mungu wangu! Na mimi nikakupeleka ukaombewe kichwa! Mimi mama yako, niliyekuzaa, nikaamini mdomo wa mkwe kuliko macho yako!"

"Hukujua, mama."

"Nilipaswa kujua! Nisamehe, mwanangu, nisamehe."

Wakalia pamoja mpaka moto ukazimika.

Alhamisi dereva wa lori akaleta barua.

"Mke wangu mpendwa. Chakula hakinipandi. Ukisema nisikimbie Jumamosi, sikimbii. Rudi nyumbani nikuombe radhi kwa magoti. Ila nakusihi, usiwaambie watu, tutayamaliza wenyewe ndani. Wako, Yeremia."

"Kasema nini?" mama yake akauliza.

"Kasema tuyamalize ndani."

"Na wewe unataka nini?"

"Nataka aseme, mama. Watu wasikie. Kila aliyeambiwa kwamba naona vitu, asikie kwa mdomo wake yeye mwenyewe. Nikisema mimi, watasema kichwa kimenirudia."

"Akisema, utamrudia?"

"Sijui. Bado nampenda, hilo ndilo linaloniua."

Akageuza karatasi ileile, akaandika nyuma yake neno moja: "Kimbia." Akampa dereva.

Jumamosi asubuhi lori la watu wa Newala liliteremka kwenda Masasi, ngoma ndani, vigelegele ndani, wote kumshangilia fundi wao. Bibiana alikaa kwenye kona na Anjelina. Wote walishuka maili nne nje ya Masasi, kwenye barabara ya Nanganga, mahali wanakijiji walipojipanga kutazama.

"Debe la nini hilo?" Anjelina alimwuliza, alipomwona anatoka nyumba ya karibu na debe la maji la kuazima.

"Nataka nikae karibu nalo."

"Bibiana, usijitie aibuni."

"Aibu nimeishi nayo tangu Novemba, mwenzangu. Hii leo si yangu."

Akatua debe kando ya barabara, akakaa chini, mkono mmoja tumboni. Anjelina aliuona mkao ule, akafunika macho, maana ndivyo walivyomkuta siku ile.

Jua lilikuwa kichwani pale vumbi lilipoonekana. Mtu mmoja, peke yake, mbele ya wote.

"Fundi! Fundi wetu huyo!"

Vigelegele vikapanda. Yeremia alikuwa anakimbia vizuri, jamani, kifua wazi, pumzi zake ametulia nazo. Akafika kwenye umati. Akamwona mkewe amekaa chini, na debe pembeni.

"Yeremia," Bibiana akaita.

Akapita. Hatua tano. Hatua kumi. Bibiana akasikia moyo wake unakufa kwa mara ya pili.

Mara vishindo vikakoma.

Yeremia alisimama katikati ya barabara, mgongo kwao. Kisha akageuka, akarudi anakimbia.

"Bibiana! Unaumwa? Inuka!"

"Kumbe kusimama unaweza," akamjibu.

Watu wakaanza kupiga kelele. "Fundi, una nini? Kimbia! Wanakuja!" Kweli, nyuma vumbi lingine lilikuwa limeshaonekana.

"Sema," Bibiana akasema.

"Niseme nini?"

"Sema uliona nini Novemba sita."

"Hapa? Mbele za watu wote hawa?"

"Kule hakukuwa na mtu. Ndiyo maana nikaitwa mwendawazimu."

"Zimebaki maili nne, mke wangu! Nikimaliza tu nitasema, mbele ya Masasi nzima, naapa kwa Mungu."

"Siku ile ulisema ukifika juu utarudi."

Yeremia akajipangusa jasho usoni. Akatazama barabara ya Masasi. Mkimbiaji wa pili akampita, kijana wa Chiwata, hakuamini macho yake. Wa tatu akafuata. Mabega ya Yeremia yakashuka. Ndipo akawageukia watu wa Newala.

"Ndugu zangu, mnisikilize. Mwaka jana mke wangu alisema aliniona njia ya maji, siku tuliyompoteza mtoto. Mkasema kichwa kimeharibika. Na mimi nikasema hivyohivyo." Akamwonyesha mkewe kwa mkono. "Alikuwa anasema kweli. Nilikuwa pale. Nilimwona amekaa kama alivyokaa sasa. Aliniita mara tatu. Nikapita, kwa ajili ya saa. Mtoto wetu angeitwa Petro."

Ngoma zilishanyamaza zamani. Bibi mmoja wa Newala, aliyekuwa akimkwepa Bibiana kisimani, akajiziba mdomo kwa kanga akaanza kulia. Mwanamume mmoja akatema mate chini akaondoka.

Bibiana alilia waziwazi, machozi ya miezi saba, wala hakuyafuta. Yeremia akapiga magoti kwenye vumbi.

"Turudi nyumbani, Mama Petro."

Jina lile! Kila siku tangu mazishi alitamani mtu mmoja tu alitamke. Akangoja miguu yake iinuke imfuate. Akainuka, lakini miguu haikumfuata mume.

"Asante kwa kulisema," akamwambia. "Nilichokifuata nimekipata. Nyumbani kwako sirudi, Yeremia. Kila ukitoka alfajiri nitasikia miguu yako, na nitakuwa nakuita."

"Nitaacha mbio! Tangu leo, naacha!"

"Ungeziacha dakika moja tu siku ile." Akalisogeza debe mbele yake. "Kunywa. Masasi bado mbali, na jua ni kali."

Akanywa, kwa viganja, huku analia. Wakimbiaji wengine wakazidi kumpita, hata wale wa mwisho wanaochechemea. Kisha akainuka akashika barabara, hakukimbia tena, akaenda kwa miguu mpaka akapotea kwenye kona.

Jioni, wakingoja lori la kurudi, Anjelina alimshika mkono.

"Mwenzangu, nisamehe. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kusema ni maumivu."

"Nimekusamehe."

"Na sasa utafanya nini?"

"Jirani yake mama ana cherehani bovu. Nitalitengeneza. Kushona najua." Akapangusa uso kwa upindo wa kanga. "Gauni lako nitalikata Jumatatu. Kesho utaingia kanisani na la zamani."

"Na vipimo? Daftari si liko kwake?"

"Libaki hukohuko," Bibiana akasema. "Njoo Mkunya, nitakupima upya."