Kompyuta ya Kukokotoa Mto

Baba alikuwa akishona sebuleni. Pembeni, binti yake alikuwa akikokotoa maji ya mto kwenye kompyuta kuukuu. Mvua kubwa zikija, maji yatafika nyumba zipi? Watu wa bondeni walikuwa wakilisubiri jibu lake.

Ghafla kompyuta ikazimika.

"Tena?" Baba aliuliza.

"Imezidiwa, Baba. Nitaanza upya."

Akafuta jasho, akabonyeza tena kitufe cha kuwasha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Baba akaweka mkasi chini. "Vaa viatu. Twende dukani."

Dukani, Baba aliipenda kompyuta moja papo hapo. Ilikuwa na kioo ubavuni na taa za rangi. Akaipapasa kama apapasavyo kitambaa.

"Hii ndiyo ya mwanangu!"

"Nzuri, Baba," binti alijibu. Lakini alimtazama baba yake, si kompyuta.

Mwenye duka, mama jirani yao, akaliona hilo.

"Jirani, wewe humkatia mteja kitambaa kabla ya kumwuliza anataka nguo gani?"

"Thubutu! Nguo ya shamba si ya harusi."

"Basi mwulize mwanao."

Baba akamgeukia binti yake. "Sema, mama."

"Taa sizihitaji, Baba. Mimi nakokotoa tu. Niliogopa kukuvunja moyo."

"Moyo wangu una pindo imara, haufumuki ovyo. Jirani, tufundishe."

"Prosesa ndiyo mafundi," jirani alisema. "Hesabu zake zinagawanyika, kwa hiyo chukueni yenye viini vingi, yaani mafundi wengi wanaoshona pamoja. Memori ni meza ya kukatia. Ikiwa ndogo, kazi inakwama. Diski ni kabati la kuhifadhia. Na feni iwe nzuri, maana kukokotoa kunaleta joto, na joto huizima mashine."

"Na msimamizi wa mafundi wote hao?"

"Huyo ni mfumo endeshi. Binti, programu zako zinatumia upi?"

"Linux. Ndio tunaotumia chuoni."

"Basi weka huo. Haulipiwi, na programu zako zimeuzoea. Zingetaka mwingine, tungeweka huo mwingine. Kazi kwanza, mashine baadaye."

Baba akacheka. "Kumbe nilikuwa nanunua vifungo bila shati!"

Walirudi na sanduku jeusi lisilo na urembo wowote. Lilikokotoa mchana kutwa, usiku kucha, bila kuzimika. Ramani ya nyumba zitakazofikiwa na maji ikapatikana kabla ya mvua. Binti akaipeleka bondeni, akapita mlango kwa mlango. Watu wakahamisha watoto, wazee na magodoro.

Mto ulipofurika, uliingia vyumba vitupu.

Binti alirudi na tope hadi magotini.

"Wako salama?" Baba aliuliza.

"Wote, Baba. Hata yule bibi aliyekuwa hataki kuondoka."

"Alikubalije?"

"Nilimwambia baba yangu angekuja kumbeba, kwani mimi hajawahi kuniangusha."

Baba akainama kutunga uzi, lakini tundu la sindano hakuliona kwa machozi.