Sifa Hazitibu Maji

Winny alikuwa mtoto wa kusifu. Asubuhi alipochota maji kwenye bomba la mtaa, huko Nyalenda, aliusifu mtungi wake. Alipofagia darasa la Gredi ya Sita, aliusifu ufagio. Nyanya yake ndiye aliyemfundisha pakruok, ile desturi ya Wajaluo ya kusimamisha ngoma katikati ili kummwagia mtu sifa. Nyanya alifundisha mara moja tu, na hajapata kimya nyumbani tangu siku hiyo.

Basi shule ilipopanga kumheshimu Mama Awuor, nani mwingine angechaguliwa kumsifu? Mama Awuor alikuwa nyamrerwa, mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba. Alipima watoto uzito, aliwasindikiza wajawazito kliniki, na alipoona choo kichafu alisema waziwazi, hata kama choo ni cha mwenyekiti wa mtaa. Kipindupindu kilipoingia mtaani, majirani walijifungia ndani. Mama Awuor ndiye aliyembeba mdogo wake Winny mgongoni, mvua ikinyesha, hadi hospitali. Winny alimpenda mno, na alitaka kumsifu kuliko mtu yeyote alivyowahi kusifiwa.

Siku ya sherehe, bomba la shule lilikauka. Ikabidi maji yachotwe kwenye kisima cha jirani, ambacho mvua ikinyesha hupokea maji kutoka vyooni. Mwalimu Wechuli alimkabidhi Winny vidonge vya kutibu maji.

"Tia hivi kwenye pipa, ungoje nusu saa, ndipo uchanganye juisi. Umesikia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile. Winny alikuwa akitafuta namna ya kuusifu mwendo wa Mama Awuor. Alimimina juisi kwenye pipa, akakoroga huku akijisemesha, akajaza glasi zote. Vidonge vilibaki mfukoni mwa sketi.

Wageni walijaa chini ya hema, na jua la Kisumu halikuwahurumia. Fabian, mwanafunzi mwenzake, alipiga ngoma. Kila mtu alishika glasi yake, lakini hakuna aliyeonja, kwa maana mgeni wa heshima hunywa kwanza. Winny alitia mkono mfukoni kutafuta kitambaa cha kupangusa jasho. Vidole vikagusa vidonge.

Loo, kumbe hakuvitia majini! Mama Awuor alikuwa ameshainua glasi. Kusema ukweli mbele ya wazazi wote? Aibu iliyoje! Akainua mkono.

"Fabian, simamisha ngoma," akasema. "Huyu ndiye Mama Awuor, binti wa kule Pap Onditi. Malaria ikimwona kwa mbali, hupanda bodaboda na kuhama mtaa."

Watu walishangilia. Mama Awuor alitabasamu, akaishusha glasi. Ngoma ikarudi, na glasi ikainuka tena.

"Fabian, simamisha ngoma. Naomba kuusifu mwavuli wa Mama Awuor."

Mwavuli ukasifiwa. Baada ya mwavuli vikafuata viatu vyake vya mpira, kisha mkoba, kisha kuku wake mwekundu ambaye, kwa mujibu wa Winny, hunawa miguu kabla ya kuingia ndani. Wazazi walianza kutazamana.

"Winny," Fabian akanong'ona, "niache nipige ngoma hata kidogo."

Mzee Dishon, mwenyekiti wa mtaa, alikuwa amekaukwa na koo. "Mtoto huyu ana kipaji," akasema, "lakini atatuua kwa kiu tukiwa na juisi mkononi. Mama Awuor, nisamehe, mimi nitatangulia."

Akaipeleka glasi mdomoni.

"Mzee, usinywe," Winny akasema. "Wote msinywe. Maji ni ya kisima na sikuyatibu. Vidonge ni hivi hapa."

Mwalimu Wechuli alifumba macho. Winny aliinamisha kichwa, machozi yakimlengalenga. Kisha akasikia kicheko. Mama Awuor alikuwa akicheka hadi leso ikamdondoka begani.

"Nami nilikuwa nikijiuliza," akasema, "viatu vyangu vimefanya nini cha kusifiwa, na vina tope la tangu Jumatatu."

Akamwita Winny, akamshika mabega. Sasa hakuwa akicheka.

"Sikiliza, mwanangu. Sifa zako ni tamu, lakini sifa hazitibu maji. Mtu akinisifu kutwa nzima na watoto wakaumwa tumbo jioni, amenidharau. Ukitaka kuniheshimu, fanya lile ninalokuja mlangoni kwenu kuwaomba. Kuwazuia watu hawa wasinywe, huku ukijua utaaibika, ndiko kuniheshimu kwenyewe."

Juisi yote ikamwagwa. Maji mengine yakaletwa, na safari hii Winny alitia vidonge mwenyewe, kila mtu akimtazama. Kisha akakaa kando ya pipa kulinda. Mzee Dishon alimjia na glasi tupu.

"Tayari?"

"Bado, Mzee."

Mzee alizunguka hema, akarudi.

"Na sasa?"

"Bado, Mzee," akajibu Winny, na hakuongeza hata neno moja.