Viti Vitano vya Kamati

Kila asubuhi Pilipili alifagia bweni, akatandika kitanda, kisha akaenda langoni kumpokea binamu yake, Kalamu, mwanafunzi wa kutwa. Pilipili aliitwa hivyo kwa ukali wa ulimi. Binamu yake kwa kalamu isiyobanduka sikioni. Asubuhi hiyo Kalamu alimpita kana kwamba hamjui.

Mapumziko yalipofika, Pilipili alimfuata bombani akamwuliza kulikoni.

"Kamati yenu imeamua maktaba ifunguliwe jioni tu," Kalamu alisema. "Jioni sisi tuko njiani kurudi nyumbani. Mtihani umekaribia, tutasoma nini?"

Wiki iliyopita Pilipili alichaguliwa kuingia kamati ya wanafunzi, akawa wa mwisho kati ya watano walioshinda. Uamuzi wa maktaba aliuunga mkono mwenyewe. Wa kutwa hawakumjia akilini hata kidogo. Lakini kura za uchaguzi zilihesabiwa mbele ya shule nzima na hakuna aliyeiba. Kama hakuna aliyekosea, mbona binamu yake ameonewa?

Alimwendea mwalimu wa hisabati, mlezi wa kamati. Mwalimu alimwuliza ni wangapi katika kila wanafunzi kumi wanaolala bweni. Sita, alijibu. Na viti?

"Vyote vitano ni vyetu, mwalimu."

Mwalimu alimweleza kwamba kila mwanafunzi aliandika majina matano, na wa bweni, kwa kuwa ni wengi, waliandika ya wenzao na kujaza kila kiti. Kama kila upande ungepewa viti kulingana na kura zake, bweni lingepata vitatu, kutwa viwili.

Pilipili alihesabu vidoleni. Wa tano, yaani yeye, angekuwa nje. Na mama alikuwa ameshawatangazia majirani ushindi wake! Aliondoka amechanganyikiwa kuliko alivyokuja.

Jioni aliketi maktaba. Vitabu vilijaa rafuni, nusu ya meza zilikuwa tupu. Hakusoma hata ukurasa.

Kesho yake aliomba kamati ikubali uchaguzi mpya, viti vigawanywe kwa uwiano wa kura. Mwenzake mmoja alimwuliza kama ana homa. Walibishana sana, ila walipoona yuko tayari kupoteza kiti chake mwenyewe, walikubali, na mkuu wa shule akaridhia.

Bweni lilipata viti vitatu, kutwa viwili. Kalamu aliingia, Pilipili akatoka. Kamati mpya, ilipowasikia wawili wa kutwa, ilifungua maktaba mchana pia.

"Umepoteza kiti kwa ajili yetu," Kalamu alimwambia.

"Hata sijui nicheke au nilie," Pilipili alijibu, na kweli macho yalimlengalenga.

Mwalimu aliyekuwa akipita alisimama.

"Kuhesabu kura bila wizi ni nusu tu ya haki," alisema. "Nusu nyingine ni kuhakikisha kila kundi lina mtu wa kulisemea pale mezani. Wengi wataongoza, sawa, lakini waongoze huku wakiwasikia wengine. Wewe mwanangu umelijua hilo kwa gharama, kwa hiyo hutalisahau."